Besi haisomwi kwenye pakiti: Mnunuzi wa Kagugu na spika za masikioni za waya

*Karibu kila chapa ya bei nafuu hujinadi kwa besi nzito. Fizikia ya sauti na tafiti za wasikilizaji zinaonyesha kwamba besi nzuri hutokana na mambo ambayo mnunuzi anaweza kuyapima mwenyewe dukani, kabla hajatoa pesa.*

Mnunuzi anayeingia katika duka dogo la vifaa vya simu mtaani Kagugu, kaskazini mwa jiji la Kigali, akitafuta spika za masikioni za waya za faranga elfu chache, hukabiliwa na tatizo lisilozungumzwa sana: pakiti zinazoning'inia ukutani zinashindana kwa maandishi ya besi nzito, ilhali kilichomo ndani hakijasikilizwa na mtu yeyote, na mara nyingi hakitasikilizwa mpaka kilipiwe.

Hasara ya pakiti moja mbovu ni ndogo, lakini hujirudia. Mwanafunzi anayefuatilia masomo kwenye simu, mlinzi wa usiku anayesikiliza redio bila kuwaamsha majirani na abiria wa basi la kwenda mjini wote hutegemea kifaa hiki, na kila anayekosea kuchagua hurudi dukani baada ya muda mfupi kununua kingine ambacho nacho hakijui.

Swali linalohitaji jibu ni moja: spika mbili za waya zenye bei inayolingana zikiwekwa mezani, ni kwa vigezo gani mtu asiye fundi anaweza kutambua ipi ina sauti safi zaidi na besi ya kweli? Ili kulijibu, ni lazima kueleza kwanza kwa nini waya bado upo, kisha besi inatoka wapi, na hatimaye kwa nini wasikilizaji wenyewe hawakubaliani kuhusu kiasi chake.

Kilima kilichozoea redio

Kagugu imo katika sekta ya Kinyinya, wilaya ya Gasabo, eneo lenye historia ndefu ya usikilizaji. Kinyinya ndiko kilikokuwa kituo cha kurushia matangazo cha Deutsche Welle, idhaa ya kimataifa ya Ujerumani, ambacho tangu 1965 hadi kilipofungwa Machi 2015 kilisambaza kwa masafa mafupi vipindi vilivyosikika katika sehemu kubwa ya Afrika, vikiwamo vya Kiswahili.

Matangazo ya masafa mafupi yalifika mbali, lakini hayakubeba sauti nzima. Kila kituo hupewa nafasi finyu katika mawimbi, kiasi kwamba sauti za juu hukatwa karibu na mitikisiko 5,000 kwa sekunde, na redio ndogo zilizoyapokea hazikuwa na uwezo mkubwa wa kutoa besi. Redio ya FM hubeba sauti hadi mitikisiko 15,000 kwa sekunde, na leo wengi huisikiliza kupitia simu ya mkononi.

Hapo ndipo waya ulipopata kazi ya pili. Simu nyingi zenye redio ya FM hazina antena yao wenyewe, na badala yake hutumia waya wa spika za masikioni kunasa mawimbi. Wimbi la FM lina urefu wa takriban mita 3, robo yake ni sentimita 75, na antena inayokaribia robo ya wimbi hulipokea vizuri, hivyo waya wa mita moja na zaidi kidogo unaifanya kazi hiyo barabara.

Kwa msikilizaji wa namna hiyo, spika zisizo na waya, hata ziwe nzuri kiasi gani, haziwezi kuiamsha redio ya simu yake. Zaidi ya hayo huhitaji chaji, na huchelewesha sauti kwa sehemu ndogo ya sekunde, kasoro inayoonekana katika michezo ya simu na wakati mwingine hata katika filamu.

Apple iliondoa tundu la pini ya milimita 3.5 katika iPhone 7 mnamo Septemba 2016, na watengenezaji wengi wa simu za bei ya juu wakafuata nyayo. Simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa Afrika Mashariki zimelibakiza tundu hilo, na kwa sababu hiyo soko la spika za waya halijafa.

Shule ya msingi ya Kagugu nayo imo katika historia hii, kwa kuwa ilikuwa miongoni mwa shule za kwanza nchini Rwanda kupokea kompyuta ndogo za XO, chini ya mpango wa kumpa kila mtoto kompyuta yake ulioanza nchini humo mwaka 2008. Kompyuta hizo zilikuwa na tundu la spika za masikioni, na kwa darasa lenye watoto wengi tundu hilo lina faida iliyo wazi, kwa sababu kila mmoja anaweza kusikia somo lake bila kumvuruga jirani.

> Spika zisizo na waya, hata ziwe nzuri kiasi gani, haziwezi kuiamsha redio ya FM ya simu inayotegemea waya kama antena.

Besi huzaliwa wapi

Ndani ya spika nyingi za masikioni za bei nafuu mna kitoa sauti cha aina moja. Ni utando mwembamba wa plastiki, wenye kipenyo cha kati ya milimita 6 na 15, ambao nyuma yake umebandikwa koili ya waya mwembamba sana wa shaba, na koili hiyo imekaa ndani ya uga wa sumaku. Umeme wa simu unapopita katika koili, koili husukumwa mbele na kuvutwa nyuma, utando hutikisika nayo, na mtikisiko wa hewa iliyo mbele yake ndio sauti.

Idadi ya mitikisiko kwa sekunde hupimwa kwa hezi, na sikio changa lenye afya husikia kuanzia hezi 20 hadi 20,000. Mafundi huugawa upana huo katika sehemu tatu: besi, ambayo ni takriban hezi 20 hadi 250, sauti za kati, zinazofika karibu hezi 4,000 na kubeba sehemu kubwa ya sauti ya binadamu, na sauti za juu, ambamo husikika matoazi, kayamba na ukali wa herufi kama "s" na "f".

Spika kubwa ya ukumbini huhitaji utando mpana ili kusukuma hewa ya chumba kizima. Sikioni mambo ni tofauti, kwa kuwa hewa iliyofungiwa kati ya kipira cha silikoni na ngoma ya sikio ni takriban sentimita mbili za ujazo au pungufu, kiasi kidogo ambacho hata utando wa milimita 6 unaweza kukibana na kukiachia kwa nguvu ya kutosha kutoa besi ya chini kabisa.

Sharti ni moja tu, nalo ni kwamba hewa isivuje. Upenyo mdogo kati ya kipira na ngozi unatosha kuiacha besi itoroke, na kwa kuwa sauti za kati na za juu haziathiriki kwa kiwango hicho, msikilizaji hubaki na sauti nyembamba inayochoma masikio, kisha huilaumu spika kwa kosa la kipira.

Kanuni hii inaeleza mambo mengi yanayowashangaza wanunuzi. Inaeleza kwa nini watu wawili wanaopokezana spika ileile hutoa hukumu zinazopingana, kwa nini sikio la kulia la mtu mmoja linaweza kusikia besi zaidi kuliko la kushoto, na kwa nini spika zisizo na vipira, zile zinazoegeshwa tu mlangoni mwa sikio, huwa na besi hafifu ingawa utando wake ni mpana zaidi.

Kwa hiyo vipira vitatu vya saizi tofauti vinavyowekwa ndani ya pakiti, ambavyo wengi huvitupa pamoja na karatasi, ni sehemu muhimu ya kifaa. Anayebadilisha kipira cha kati kwa kikubwa, au kinyume chake, anaweza kupata mabadiliko makubwa zaidi ya besi kuliko ambayo angeyapata kwa kununua chapa nyingine.

> Kipira kisichoziba sikio huiua besi ya spika yoyote, iwe ya faranga elfu chache au ya mamia ya dola.

Namba zinazosema kidogo

Pakiti nyingi huandika kwamba spika inatoa sauti kuanzia hezi 20 hadi 20,000. Maneno hayo yanaweza kuwa kweli na bado yasimsaidie mnunuzi, kwa sababu hayasemi kila sehemu ya upana huo inatoka kwa nguvu kiasi gani. Spika inayotoa hezi 30 kwa mnong'ono na nyingine inayozitoa kwa kishindo zinaweza kuandikwa namba zilezile.

Kipenyo cha utando nacho hutangazwa kana kwamba milimita 10 lazima zishinde milimita 6. Katika sikio lililozibwa vizuri, ubora wa utando, umbo la nyumba yake na vitundu vidogo vya kupumulia vilivyotobolewa kwenye nyumba hiyo ndivyo huamua besi itakuwa kiasi gani na itadhibitiwa vipi, hivyo kipenyo peke yake si ushahidi.

Namba mbili nyingine zina maana zaidi. Ukinzani, unaopimwa kwa omu, huonyesha jinsi spika inavyozuia umeme, na spika nyingi za simu huwa na omu 16 au 32, kiwango ambacho simu ya kawaida inakimudu. Wepesi wa kuitikia, unaoandikwa kwa desibeli kwa kila miliwati moja, huonyesha sauti itakuwa kubwa kiasi gani kwa nguvu ileile ya umeme.

Wepesi huo ndio chanzo cha hukumu nyingi potofu. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson, watafiti wa maabara ya Bell nchini Marekani, walionyesha kwamba sikio la binadamu huwa zito kusikia sauti za chini pale sauti inapokuwa ndogo, na uzito huo hupungua kadiri sauti inavyopanda.

Maana yake dukani ni kwamba spika yenye kelele zaidi itaonekana pia kuwa na besi zaidi, hata kama uwiano wake wa sauti ni sawasawa na wa mwenzake. Anayelinganisha bila kusawazisha kwanza ukubwa wa sauti anapima kelele, na jibu analopata halihusu ubora.

Wanaotaka mdundo na wanaotaka maneno

Mabishano ya besi yana pande mbili zenye hoja za haki. Upande wa kwanza ni wa wapenzi wa mdundo, wanaosema kwamba Bongo Fleva, Afrobeats na amapiano ya Afrika Kusini ni muziki uliojengwa juu ya besi, na kwamba spika inayoidhoofisha inamnyima msikilizaji nusu ya wimbo. Huongeza kwamba ngurumo ya injini ya basi imejaa sauti za chini, hivyo besi iliyoongezwa kidogo husaidia kufidia kile kinachomezwa njiani.

Upande wa pili ni wa wanaosikiliza maneno: taarifa ya habari, mahubiri, mawaidha, masomo na mazungumzo ya simu. Kwao besi iliyozidi ni kizuizi, kwa kuwa sauti nzito za chini zina tabia ya kuzifunika zile zilizo juu yake, na kinachofunikwa kwanza ni uwazi wa matamshi.

Jambo hili lina uzito wa pekee nchini Rwanda, ambako Kiswahili kilipitishwa kuwa lugha rasmi mwaka 2017 na wengi wanajifunza kukisikia na kukitamka. Tofauti kati ya "soka" na "shoka" imo katika konsonanti ya kwanza peke yake, na nguvu ya konsonanti hizo ipo juu ya hezi 2,000, mbali kabisa na besi. Spika inayofunika eneo hilo humtesa mwanafunzi anayejaribu kutenganisha mchezo na chombo cha kukatia kuni.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 na Sean Olive na wenzake wa kampuni ya Harman ulijaribu kuupima ubishi huu. Wasikilizaji 130 walipewa sauti za spika 31 tofauti, na takriban asilimia 64 walipendelea uwiano wenye besi iliyoinuliwa kwa kiasi, asilimia 15 walitaka besi zaidi ya hapo, na asilimia 21 walitaka besi pungufu, kundi ambamo wanawake na watu wa umri mkubwa walikuwa na uwakilishi mkubwa zaidi.

Matokeo hayo yanazipa pande zote mbili haki yao, lakini pia yanaonyesha kwamba besi iliyopitiliza, ambayo watengenezaji wengi wa bei nafuu huichukulia kuwa tamaa ya kila mtu, ni chaguo la wachache. Walio wengi wanataka besi inayosikika bila kuzimeza sauti nyingine.

Ngoma na inanga kama mizani

Utamaduni wa Rwanda wenyewe unatoa kipimo ambacho hakihitaji mashine. Kikundi cha ngoma za asili hujumuisha ishakwe, ngoma ndogo yenye sauti ya juu inayoshika mwendo, inyahura, ya sauti ya kati, na ibihumurizo (kwa umoja igihumurizo), ngoma kubwa zinazobeba besi. Ngoma hizi huambatana na wachezaji wa Intore, sanaa iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika Desemba 2024.

Rekodi ya ngoma hizo ikichezwa katika spika nzuri, pigo la igihumurizo husikika likianza, likivuma na kukoma, huku ishakwe ikiendelea kudunda juu yake bila kupotea. Katika spika yenye besi ya ovyo mapigo hayo huungana na kuwa ngurumo moja isiyo na mwanzo wala mwisho, na ishakwe husikika kana kwamba imefunikwa kwa blanketi.

Inanga, kinanda cha nyuzi kilichochongwa kutoka katika ubao mmoja wa mti na ambacho Sophie Nzayisenga ni mmoja wa wapigaji wake mashuhuri, hupima upande mwingine. Spika safi huonyesha kidole kinavyogusa uzi, uzi unavyotetema na sauti ya mwimbaji inavyokaa karibu na msikilizaji. Spika iliyojazwa besi huzigeuza nyuzi za chini kuwa mguno na kumsogeza mwimbaji mbali.

Mtu anayebeba katika simu yake rekodi moja ya ngoma, moja ya inanga na moja ya mtu anayezungumza amejitosheleza kwa vifaa vya kupimia, kwa sababu tatu hizo kwa pamoja hufichua karibu kila kasoro inayoweza kumsumbua baadaye.

> Besi nzuri ina mwanzo na mwisho. Besi mbovu ni ngurumo moja inayomeza kila kilicho juu yake.

Bei ni shahidi dhaifu

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini katika soko la spika za masikioni bei kubwa si ushahidi wa uzuri huo. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha uchambuzi wa spika 283 za kichwani na masikioni, akalinganisha bei zake na jinsi kila moja inavyogawa nguvu kati ya sauti za chini, za kati na za juu, na hakupata uhusiano wowote wa maana kati ya mambo hayo mawili.

Miaka iliyofuata ilithibitisha hoja hiyo sokoni. Mwaka 2022 kampuni za China zilitoa spika za waya kama Moondrop Chu na 7Hz Salnotes Zero kwa takriban dola 20 za Marekani, na wapimaji wengi wakazisifu kwa uwiano wa sauti ambao hapo awali ulitafutwa katika spika za bei ya juu zaidi.

Katika maduka ya Afrika Mashariki, mojawapo ya chapa zinazoonekana sana ni oraimo, iliyo chini ya kampuni ya Transsion ya Shenzhen inayomiliki pia Tecno, itel na Infinix. Kuenea kwake kumeleta bei nafuu na vipuri vinavyopatikana, lakini chapa yoyote inayopendwa huvutia waigaji, ndiyo maana baadhi ya watengenezaji huweka kwenye pakiti namba ya kukwangua ambayo mnunuzi anaweza kuihakiki.

Pamoja na hayo, bei si jambo la kupuuzwa kabisa. Pesa inayoongezeka mara nyingi hununua usawa kati ya upande wa kulia na wa kushoto, vipira bora, waya unaoweza kuchomolewa na kubadilishwa, na kinga nzuri kwenye shingo ya pini, mahali ambapo nyuzi za shaba hukatika kwa kukunjwakunjwa na kuuacha upande mmoja kimya.

Spika yenye sauti nzuri inayokatika shingoni baada ya wiki chache ni hasara sawa na yenye sauti mbaya. Kwa sababu hiyo, anayelinganisha sauti hana budi kulinganisha waya pia.

Hatua tano za kulinganisha dukani

Utaratibu ufuatao hauhitaji zaidi ya simu na subira ya dakika chache, na unafaa kufuatwa kwa mpangilio wake, kwa kuwa kila hatua huondoa kosa ambalo lingeiharibu inayofuata.

*Kwanza, pini ichomekwe mpaka mwisho.* Pini ya spika za simu zenye maikrofoni ina sehemu nne za kupitishia umeme: ya kushoto, ya kulia, ya kurudishia umeme na ya maikrofoni. Njia ya kurudishia isipogusa sawasawa, spika hutoa tofauti ya pande mbili peke yake, na kila kilichorekodiwa katikati, yaani mwimbaji na besi, hutoweka. Spika nyingi zimehukumiwa kuwa mbovu kwa sababu ya uchafu uliojaa katika tundu la simu.

*Pili, kipira kichaguliwe kwa kila sikio.* Ncha ya sikio huvutwa juu kidogo, kipira huingizwa na kuachwa kitulie. Kelele za dukani zikipungua ghafla na besi ikijitokeza, sikio limezibwa. Zisipopungua, kipira hubadilishwa kabla ya hukumu yoyote kutolewa.

*Tatu, ukubwa wa sauti usawazishwe.* Spika ya kwanza huwekwa katika kiwango cha starehe kwa rekodi ya mtu anayezungumza, na ya pili hupandishwa au kushushwa mpaka mzungumzaji huyohuyo asikike kwa nguvu ileile. Nyongeza zote za besi zilizomo katika programu ya simu huzimwa.

*Nne, rekodi tatu zichezwe kwa zamu.* Ngoma hutumika kupima besi, inanga hupima sauti za kati, na mazungumzo hupima uwazi wa maneno. Sehemu fupi hurudiwa katika spika zote mbili papo hapo, kwa kuwa kumbukumbu ya sikio ni fupi na haidumu mpaka mwisho wa wimbo.

*Tano, waya ukunjwe na kutembezwa.* Shingo ya pini na ya kila upande hukunjwa taratibu sauti ikiendelea, na ikikatika hata mara moja bidhaa hukataliwa. Anayekusudia kukimbia nazo, kama wanavyofanya wengi katika Jumapili za barabara zisizo na magari zilizoanza Kigali mwaka 2016, apitishe waya juu ya sikio, kwa sababu waya unaogonga nguo hupeleka mshindo wake moja kwa moja kwenye kipira.

Gharama ambayo hairejeshwi

Kuna jambo moja zaidi lililo hatarini, nalo halina fidia. Shirika la Afya Duniani limetahadharisha kwamba vijana zaidi ya bilioni moja wamo katika hatari ya kupoteza uwezo wa kusikia kwa sababu ya kusikiliza kusiko salama. Kikomo linachopendekeza kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kwa mtoto ni desibeli 75 kwa muda huohuo.

Kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda salama kwa nusu, hivyo desibeli 83 huruhusu saa 20 na desibeli 86 saa 10 pekee. Vinyweleo vya ndani ya sikio vikishaharibiwa na kelele havioti tena, na hakuna spika, hata iwe ghali namna gani, inayoweza kurudisha kilichopotea.

Hapa kipira kinachoziba sikio huthibitisha thamani yake kwa mara ya pili. Anayesikia besi vizuri na kuifungia nje ngurumo ya basi hana sababu ya kupandisha sauti mpaka mwisho, ilhali mwenye kipira kinachovuja huipandisha akiitafuta besi ambayo haitakuja, na huku sauti za juu zikiliumiza sikio. Barabarani, hata hivyo, kuzibwa huko ni hatari, na mwendesha pikipiki au mtu anayevuka barabara anapaswa kuzitoa spika masikioni.

Hukumu na wito

Ushahidi wote unaelekea upande mmoja. Besi ya spika za masikioni za waya haiamuliwi na maandishi ya pakiti, kipenyo cha utando wala bei. Inaamuliwa na jinsi kifaa kilivyotengenezwa na jinsi kilivyoziba sikio la huyo anayekisikiliza, na mambo hayo mawili hayajulikani mpaka kisikilizwe. Kwa anayetumia simu moja kwa redio, masomo na muziki, spika inayofaa ni ile yenye besi inayosikika na kukoma kwa wakati wake, huku kila neno la mzungumzaji likibaki wazi.

Wenye maduka ya Kagugu wanaweza kuibadilisha hali hii bila gharama kubwa, kwa kufungua mfano mmoja wa kila aina wanayouza, kuweka kando vipira vya majaribio na kuvifuta kwa kitambaa chenye dawa kila baada ya mteja. Mamlaka za Rwanda zinazosimamia viwango na haki za mlaji nazo zingefanya jambo la maana kwa kutaka maandishi ya pakiti yaambatane na vipimo vinavyoweza kuthibitishwa.

Mnunuzi, kwa upande wake, asikubali kulipia sauti asiyoisikia. Aende na simu yake, rekodi zake tatu na masikio yake mwenyewe, aombe kujaribu kabla ya kulipa, na muuzaji akikataa, avuke barabara aende duka la pili.